Bi Pe na Makoti ya Madaktari

Mama mkwe wangu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini hakuna anayelitumia. Mtaa mzima unamwita Bi Pe, kwa sababu kwa miaka thelathini na minne ya udobi, ukimuuliza nguo yako imetokaje, alijibu neno moja tu: "Pe!" Yaani nyeupe pe, nyeupe isiyo na mjadala. Nguo ya rangi hakuwahi kuipokea. Akiletewa shati la maua analishika kwa vidole viwili na kumrudishia mwenyewe. "Hili lipeleke kwa wengine," anasema. "Rangi inaficha uchafu. Mimi sifanyi kazi na wanafiki."

Uongo mtupu. Wanafiki ndio waliokuwa wateja wake wote, na ni yeye mwenyewe aliyenifundisha hivyo. Nguo nyeupe, alikuwa anasema, ni nguo ya mtu anayetaka uamini kwamba hajagusa kitu. Mpishi wa hoteli ameshika mafuta tangu alfajiri, daktari ameshika mambo ambayo hayasemwi watu wakila, wanakwaya jana walikuwa wanasengenyana mpaka mate yakawakauka, lakini wote hao wakitokea wamevaa nyeupe, wewe unainamisha kichwa. Kuhusu magauni ya harusi alikuwa na maneno mengi ambayo sitayaandika hapa. Nitasema tu kwamba siku moja alikuja bibi harusi ambaye tumbo lilimtangulia kuingia mlangoni. Bi Pe akapokea gauni, akalitazama tumbo, akasema, "Gauni niachie mimi, mwanangu. Hilo lingine lina mwenyewe." Msichana wa watu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Mimi niliolewa na mwanawe wa pekee. Wiki ya kwanza ya ndoa, kwa kutaka sifa, nilifua mashuka mawili nikayaanika. Bi Pe akayapita, akarudi, akayaanua yakiwa bado yanatona maji. "Hii ni nyeupe ya kujaribu," akasema. Tangu siku hiyo kazi zikagawanywa: yeye anafua na kuanika, mimi naanua, napiga pasi, nakunja na kufunga mafurushi. Karai sikuruhusiwa kuligusa kwa miaka ishirini na miwili. Iliniuma, sitadanganya. Mtu mzima, mke wa mtu, nafanywa mwanafunzi asiyehitimu. Lakini alikuwa fundi kweli, na fundi mwenye maringo unamvumilia.

Kwa asiyejua, sabuni peke yake haileti nyeupe. Sabuni inatoa uchafu, ila nguo iliyofuliwa sana inabaki na unjano fulani wa uzee. Dawa yake ni buluu. Unachukua unga wa buluu, unaufunga kwenye kitambaa uwe kifundo, unakizungusha ndani ya maji ya mwisho ya kusuuzia. Kidogo tu, na nguo inatoka nyeupe kuliko siku iliyonunuliwa. Ukizidisha, inatoka rangi ya samawati. Bi Pe alizungusha mara tatu, bila kuhesabu, huku akimsema mtu.

Mambo yalianza kuharibika kwa tusi. Nilikuwa naanua mashuka ya hospitali, meupe mpaka yanaumiza macho, Bi Pe akanipita akasema, "Hayo yamekuwaje? Njano kama mkojo wa punda." Nikadhani ni yale yale ya mama mkwe. Kesho yake akarudia. Wiki iliyofuata nikamwona anazungusha kifundo mara tano. Kisha mara nane. Kisha siku moja akakiacha kinaogelea ndani ya karai, akaenda kunywa chai. Mashuka yaliyoanikwa mchana ule yalikuwa samawati kama ukuta wa wodi ya watoto, na yeye amesimama chini yake, mikono kiunoni, anasema, "Pe!"

Hapo nikaelewa. Macho ya Bi Pe yalikuwa yameweka utando, na kila nyeupe iliyopita kwenye utando ule ilimfikia ikiwa njano. Yeye, kwa kuwa hakuwahi kukosea maishani mwake, aliona dunia ndiyo iliyochakaa, akawa anaisahihisha kwa buluu. Mwanamke anayekula kwa nyeupe alikuwa ameacha kuiona. Na mtu pekee aliyegundua ni mimi, niliyeambiwa miaka yote hiyo kwamba nyeupe siijui.

Sasa niambie, wewe ungemwambia?

Nilianza na mume wangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, anashinda na cheche za moto usoni, nikadhani ana ujasiri.

"Mama yako haoni vizuri," nikamwambia.

"Mwambie."

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

"Wewe ndiye unayeshinda naye."

"Na wewe ndiye uliyetoka tumboni mwake!"

Akasema kichwa kinamuuma, akageukia ukutani. Kwa hiyo tukawa watu wazima wawili tunaomficha mgonjwa ugonjwa wake mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; hawakusema lolote kuhusu wakwe wanaoficha maradhi ya mtu mwingine, lakini nadhani adhabu ni ile ile.

Nikafanya jambo la kijinga ambalo mkwe tu ndiye anayeweza kulifanya. Kila siku baada ya chakula cha mchana Bi Pe hulala kwa saa mbili, anakoroma kama mwenye mashamba. Akishaanza tu kukoroma, mimi naanua mbio, naingia bafuni, nafunga mlango kwa komeo, nafua upya kila kitu. Maji ya moto, sabuni, suuza, suuza tena, mpaka samawati yote iishe. Kisha napiga pasi nguo zikiwa mbichi, mvuke unanipanda usoni, nafunga furushi kabla hajaamka. Akiamka anapita, analipiga furushi kofi, anasema, "Pe." Nami namjibu, "Pe kabisa, Mama." Miezi minane nilimvisha kilemba cha ukoka, kila siku ya kazi. Ngozi ya vidole ikanitoka, kiuno kikagoma, usiku nikawa nalala kama gogo. Na nikiri moja: kulikuwa na utamu ndani yake. Wateja walianza kusema mafundi hawazeeki, mwone Bi Pe, nguo zake siku hizi zimezidi hata za zamani. Nilikuwa nasimama pale na pasi mkononi, nimenuna kwa nje, ndani nacheka kama mwizi.

Kilichotuumbua ni jino langu. Jino la mwisho, upande wa kushoto. Shavu likavimba, jino likang'olewa, nikalala siku mbili siwezi hata kumeza mate. Siku hizo hizo zilikuwa zamu ya makoti ya madaktari, thelathini na mawili. Bi Pe akafua, akaanika, akamwagiza mwanawe aanue, apige pasi na afunge. Akafunga. Nilipomuuliza mume wangu baadaye kama kweli hakuona yalivyokuwa, alisema, "Niliona. Nikadhani ni mtindo mpya."

Katika hospitali ile, nyeupe ni ya madaktari na samawati ni ya wafagiaji. Hakuna mahali palipoandikwa, lakini hata mtoto anayenyonya anajua nani wa kumlilia. Asubuhi ile madaktari walivaa makoti yao kwenye kile chumba chao chenye taa moja mbovu, wakatoka kwenye mwanga wakiwa wafagiaji. Mlinzi akamwambia daktari mkuu apitie mlango wa nyuma. Daktari mkuu akamuuliza kama anajua anaongea na nani. "Najua, mzee," mlinzi akasema, "na jana mmeacha tena ndoo nje." Mgonjwa mmoja alikataa kushikwa tumbo, akavuta shuka mpaka kidevuni, akasema yeye anamsubiri daktari. Kwa upande mwingine, mama mmoja aliyechanganyikiwa kabisa alimshika mfagiaji wa kweli akamweleza maumivu yake yote ya mgongo. Mfagiaji akaegemea ufagio, akamsikiliza mpaka mwisho, na mama yule akasema tangu aanze kutibiwa pale hajawahi kupata daktari mzuri kama huyo. Watu wanasoma miaka saba, kumbe nusu ya elimu iko kwenye koti.

Siku ya tatu, shavu langu likiwa bado upande, tukapata mgeni. Alikuwa daktari wa macho wa hospitali ile, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, koti lake amelibeba kwenye mfuko. Yeye asubuhi ile aliamriwa kupiga deki matapishi.

"Na nilipiga," akatuambia. "Ilikuwa haraka kuliko kubishana." Akamkabidhi Bi Pe koti. "Mama, hebu litazame."

Bi Pe akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaligeuza kola, akaligeuza mikono. "Kuna nini? Nyeupe pe."

"Hili ni samawati, Mama."

"Samawati ya wapi? Wewe ni daktari gani wa macho usiyeona?"

Daktari hakukasirika. Akatoa karatasi mpya kwenye mkoba wake. "Na hii ni rangi gani?"

"Njano. Ya zamani hiyo, itupe."

Daktari akanitazama. Mimi nikaitazama pasi. Akamgeuza Bi Pe polepole kuelekea dirishani, akammulika kwa tochi ndogo, jicho moja, kisha la pili. "Mama, una mtoto wa jicho. Pande zote mbili."

"Mimi nina mtoto mmoja," Bi Pe akasema, "na huyo mmoja ananitosha."

Daktari akaeleza bila kuzungusha maneno. Huo utando unafanya nyeupe ionekane njano. Haukuanza jana, una mwaka au zaidi. Upasuaji wake ni mdogo, wanaanza na jicho moja. Lakini akikaa, mwaka mwingine hautakwisha kabla hajaanza kupapasa kuta.

Bi Pe akakaa juu ya furushi. Mama mkwe wangu ana mambo mengi, ila mjinga si mojawapo. Nilimwona anapiga hesabu.

"Mwaka mzima," akasema. "Na makoti ya mwezi jana? Ya mwezi juzi? Mbona hayo hamkuyarudisha?"

"Hayo yalikuwa meupe, Mama. Meupe sana."

 Kisha uso wa Bi Pe ukageuka, taratibu, mpaka ukanifikia.

"Wewe."

"Mama, naomba..."

"Bafuni. Kila mchana, komeo, maji yanamwagika." Akanyanyuka. "Mimi nilidhani unaharisha! Miezi minane nakuonea huruma, najiuliza huyu mtoto wa watu tumbo lake lina nini, kumbe unanifanya kikaragosi ndani ya nyumba yangu!"

Daktari wa macho akaaga haraka sana.

Siku kumi na moja Bi Pe hakuniongelesha. Akitaka nimpishe, anauambia mlango. "Mlango, mwambie huyo asogee." Akitaka chumvi, anaiambia meza. Mume wangu akawa anarudi kutoka kazini kwa kuchelewa, akila kwa haraka kama mgeni asiyealikwa. Na Bi Pe akaacha kufua. Alikaa kwenye kigoda chake uani, mikono mapajani, na mikono ile bila kazi ilinitisha kuliko kelele zake zote. Habari ya upasuaji hakutaka kuisikia. Mwanawe alipojaribu kuitaja, akamjibu: "Nimefua mashuka ya chumba cha upasuaji miaka thelathini na minne. Ninyi mnayaona yakiwa meupe. Mimi ninayaona kabla."

Wateja hawangoji watu wapatane, kwa hiyo karai nikalichukua mimi. Siku ya kumi na mbili nilikuwa uani nasugua kola ya shati la mpishi, jua la asubuhi mgongoni, nikasikia sauti nyuma yangu:

"Kola inasuguliwa hivyo? Unasugua kama unamkuna ng'ombe."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu. Mimi mtu mwenye hasira, kila anayenijua anajua. Nililitupa shati ndani ya karai, maji yakaturukia wote wawili.

"Nimechoka!" nikapiga kelele. "Miezi minane nafua kila nguo mara mbili ili wewe usiaibike! Angalia hii mikono! Oh, samahani, huoni!"

Neno likanitoka, na kabla halijatua nikalijutia. Majirani waliokuwa wanaongea ng'ambo ya ukuta wakanyamaza. Nikasubiri anipige na kigoda, na kwa kweli ningemruhusu.

Bi Pe akajifuta povu shavuni. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniamini?"

Akafikiri. Nampa sifa yake, alifikiri kweli. "Hapana."

"Ungefanya nini?"

"Ningekutukana."

"Sana?"

"Mpaka kwenu wangesikia."

Ni mimi niliyeanza kucheka, kwa lile shavu langu bovu, kisha yeye, na ng'ambo ya ukuta wakaanza tena kuongea kwa sababu waliona hakuna cha maana. Tulicheka hadi akashika mbavu. Halafu akaacha ghafla, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi naogopa."

Miaka ishirini na miwili sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Nikachuchumaa mbele yake.

"Si kisu," akasema. "Naogopa lile shuka. Nimejua siri za watu kwenye mashuka, nikawacheka hapa hapa uani. Sasa na mimi nitalala juu yake, litoke na siri zangu, alibebe mtu nisiyemjua aende akaone."

"Nitalifua mimi, Mama. Kabla na baada. Hakuna mtu mwingine atakayeligusa."

Akanitazama, au tuseme akautazama upande ule nilipokuwa. "Mara moja tu," akasema. "Ukilifua mara mbili nitajua."

Basi tukaenda. Nililibeba shuka mwenyewe, nikalitandika mwenyewe huku nesi ananitazama kama mwendawazimu. Nikamwambia kama ana neno amwambie mlinzi wa getini. Upasuaji ulikuwa mfupi kuliko foleni. Walipomtoa nikalivuta shuka lile chini yake kabla hajafika mtu, nikalikagua dirishani kila upande. Halikuwa na doa hata moja. Nikalilia, peke yangu, pale koridoni, nimekumbatia shuka safi kama mjinga. Kisha nikaenda kulifua, maana nilikuwa nimeahidi, nikalirudisha kitandani mwake jioni likiwa kavu.

Kesho yake asubuhi daktari wa macho alikuja kumfungua bandeji. Mume wangu alisimama mlangoni, tayari kukimbia. Bi Pe alifumbua jicho, akalifumba, akalifumbua tena. Akaanza na daktari.

"Koti lako," akasema, "bega la kulia halijapigwa pasi."

Daktari akasema anashukuru.

Akamtazama mwanawe kuanzia juu mpaka chini. "Na wewe umekuwa mnene hivi tangu lini? Mimi nakupakulia mara mbili, nadhani unadhoofika." Mume wangu akavuta shati lifunike tumbo.

Kisha akainamia shuka alilolalia. Akalipitisha vidole, akalikunja pembe, akalileta karibu. Mimi nikangoja, mwanamke wa miaka arobaini na sita, roho mkononi kwa ajili ya shuka. Akaitazama ile pembe kwa muda, akaiachia.

"Sogea," akaniambia.

Nikasogea. Kitambaa changu cha kichwa kilikuwa kimerudi nyuma kwa zile pilikapilika. Akanyoosha mkono juu ya sikio langu, akachambua kama anayetafuta chawa, akashika unywele mmoja na kuung'oa bila kuniomba ruhusa.

"Mvi hizi umeziota lini?"

"Mwaka huu, Mama."

"Zote?"

"Karibu zote."

Akauinua unywele ule kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza huku na huku mbele ya lile jicho jipya, mpaka daktari akaacha kuandika. Midomo ikaanza kumtetemeka, nikaingiwa na hofu, kwa sababu daktari alikuwa amemkataza kulia.

"Hii," akasema, "ndiyo nyeupe pekee niliyoitoa kwa mkono wangu mwaka huu mzima."